Pugu: Kutoka Shule ya Misheni hadi Shule ya Umma



Wazee waliosoma hapa zamani huiita shule yetu St. Francis. Ilikuwa ya misheni ya Kikatoliki, na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh, alianza kufundisha hapa mwaka 1953. Machi 1955, baada ya kuhutubia Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU, akaacha kazi. Miaka 14 baadaye, serikali ya Mkatoliki huyo huyo ikaitaifisha shule aliyoifundisha.

Wapo wasemao kwamba kanisa lilinyang'anywa. Mimi mtumishi wa serikali hupenda kuanza na hesabu. Tangu miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulizipa shule za misheni ruzuku, na kodi iliyotoa ruzuku hiyo haikumwuliza mtu dini yake. Mvuvi Mwislamu wa pwani alilipa kodi, na mkulima Mkristo wa bara vilevile. Lakini mtoto wake alikuta shule nyingi ni za makanisa, na wazazi wengi walihofu mtoto angerudi nyumbani amebatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya 1969. Jirani zetu wa Minaki, waliokuwa chini ya Waanglikana, nao wakachukuliwa. Shule za Aga Khan vilevile. Seminari ziliachwa, kwa kuwa zililea mapadre. Wala dini haikufukuzwa shuleni. Miaka ya 1990, zamu yetu, kipindi cha dini kilipofika tuligawanyika, kisha tukarudi pamoja kwa fizikia. Kwangu mimi hiyo ndiyo busara kubwa ya mpango ule.

Hata hivyo, kubadili mwenye shule si kubadili wanaoingia. Kidato cha kwanza kilijazwa kwa mtihani wa darasa la saba, na shule za msingi za misheni zilikuwa zimetangulia sana Kilimanjaro na Bukoba kuliko pwani. Manung'uniko ya Waislamu yakabaki. Mwaka 1992 serikali ilipotia saini mapatano na makanisa kuhusu elimu na afya, yakapanda upya.

Leo makanisa yamejenga shule zao tena, na Waislamu wana zao, mojawapo pale Kinondoni. Katika nyingi ya hizo mlango hufunguliwa na karo, na mtoto wa yule mvuvi, awe wa dini yoyote, hubaki nje kama kabla ya 1969.