TUWAANDIKE WATU WETU WANAPOFARIKI



Ndugu yangu, mtu akifariki hapa kwetu Chang'ombe, Dodoma, tangazo linafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla maiti haijaoshwa: jina, saa ya kuswaliwa, makaburi. Ni jambo jema, na lina asili. Mtume ﷺ aliwatangazia Masahaba kifo cha Najashi wa Uhabeshi siku ile ile aliyofariki, akawapanga safu, wakamswalia kwa takbira nne. Lakini matanga yakishaanuliwa, marehemu anabaki na nini kwetu?

Wanavyuoni walilijibu swali hili kwa kalamu. Ibn Khallikan, aliyekuwa kadhi Damascus na kufariki mwaka 1282, aliandika Wafayatul-A'yan, kamusi ya wasifu wa watu mashuhuri waliotangulia. Huku kwetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo utakuta nani alisoma kwa nani, akamsomesha nani, akafariki lini. Kwa kazi kama hiyo tunajua leo kuwa Sayyid Ahmad bin Sumeyt na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu waliondoka mwaka mmoja, 1925.

Tazama tofauti. Sisi tunaandika "alikuwa mtu wa watu", basi. Hilo linamfaa kila maiti, kwa hiyo halimtambulishi yeyote.

Ila kuna mpaka. Alipofariki Uthman bin Madh'un, Ummul-Alaa alishuhudia kuwa Allah amemkirimu. Mtume ﷺ akamuuliza: umejuaje? Basi andika uliyoyaona, usimgawie mtu Pepo. Na aibu zake zisitiri.

Sasa nakuomba jambo. Kitabu cha Sheikh Farsy kimejaa zaidi watu wa pwani. Walimu wa bara waliotushika mkono tukasoma alifu, nani atawaandika kama si sisi? Usingoje msiba. Nenda leo kwa mwalimu wako wa madrasa, umuulize alisoma kwa nani, mwaka gani, msikiti gani. Andika. Akizikwa na majina ya walimu wake, silsila imekatika, na watoto wetu hawatajua wamwombee nani.

Allah awarehemu waliotutangulia, atupe mwisho mwema. Aamin.