Radhi na Kilio: Sauti ya Mjane katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1275 Hijria (1858), aghalabu husomwa kama mwongozo wa mke kwa mumewe. Usomaji huo uliimarishwa na toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934, ambalo kichwa chake cha Kiingereza kiliuita mawaidha kuhusu wajibu wa mke. Kichwa hicho kinaeleza sehemu tu ya utendi. Beti nyingi za mwisho ni dua, na kati ya mawaidha na dua ipo kumbukumbu fupi ya mjane ambayo wahakiki wameipita haraka mno.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Katika kumbukumbu hiyo vita havitajwi. Mtunzi, ambaye ameugua mwaka mzima, anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Anachomsimulia kuhusu baba yake ni maisha ya furaha na kuheshimiana.

Neno la kuzingatiwa hapa ni radhi. Katika mawaidha, mtunzi anahesabu radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mjadala wa wahakiki umeelemea kwenye hiyo ya tano, wengine wakiilaumu, wengine wakiitetea. Hata hivyo, neno hilo linarudi katika masimulizi ya kifo: mume, akikaribia kufa, alimkariria mkewe radhi. Kwa hiyo anayemfunza binti ni shahidi wa jambo alilolipata mwenyewe, wala si mwalimu wa kanuni tu.

Papo hapo anakiri kwamba tangu siku ile hajakoma kulia. Hajilaumu kwa kilio hicho, na katika mapokeo ya Kiislamu hakuwa na sababu ya kujilaumu: Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, na kilichokemewa ni maombolezo ya makelele, si machozi. Mtunzi ameikubali kadari, na bado analia. Utendi unayaacha mawili hayo yakae pamoja. Ndipo anapogeukia dua, akiwaombea wanawe na jamaa zake, kisha akiwaalika wanawake wote wausome utendi na kuzifahamu maana zake.