Rejeta ni moto ama ni baridi? Historia fupi ya maji, hewa na vumbi

Haya, leo naomba tuache programu kidogo tuzungumzie vumbi.

Mwezi wa Februari kompyuta yangu ilianza kuzima yenyewe. Mimi huandika programu nikiwa hapa Kimilili, na wakati huo nilikuwa namalizia mfumo wa kuhesabu kilo za maziwa za chama kimoja cha wakulima. Mfumo usipokuwa tayari mwisho wa mwezi, hesabu zingerudi kwenye daftari, na tunajua daftari huwa linakula kilo za nani. Kila nikianza kazi nzito, dakika kumi haziishi, joto la prosesa linafika nyuzi 100, kisha giza.

Kompyuta hii niliinunua mtumba. Inapozwa kwa maji: kuna pampu ndogo juu ya prosesa, mipira miwili, na rejeta yenye feni mbili, kama ya gari lakini ndogo. Fundi mmoja aliniambia pampu imekufa, ninunue seti nzima kutoka Nairobi. Bei yake ilikaribia karo ya muhula. Nilikuwa nishaanza kuhesabu pesa, nikapita kwa mzee anayeendesha kinu cha kusaga mahindi nikamlilia shida zangu. Mzee hajawahi kufungua kompyuta. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, hiyo rejeta ni moto ama ni baridi?"

Nilirudi nyumbani nikaishika. Ilikuwa moto, na mipira yote miwili moto. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Pampu ikifa, maji hayatembei. Prosesa inaungua huku rejeta ikibaki baridi. Rejeta ikiwa moto, basi maji yanafika, tena yanafika na joto lote. Kinachokosekana ni kitu cha kulipokea.

Swali la mzee lina historia ndefu kuliko kompyuta, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Tunasema "kupoza kwa maji", lakini maji hubeba tu. Joto likishabebwa lazima litupwe mahali, na mahali penyewe karibu kila mara ni hewa. Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1886, halikuwa na rejeta kama tunazozijua. Maji yalichemka yakatoka kama mvuke, na dereva akalazimika kuongeza mengine njiani. Mwisho wa mwaka 1900, Wilhelm Maybach alitengenezea gari la Mercedes la nguvu farasi 35 rejeta iliyofanana na sega la nyuki: vijibomba 8,070, kila kimoja na upana wa milimita 6 hivi, hewa ikipita ndani na maji yakizunguka nje. Siri ilikuwa kuongeza eneo ambalo chuma moto kinakutana na hewa. Lakini ona mtego uliomo: matundu madogo yanayofanya rejeta iwe na nguvu ndiyo yanayonasa vumbi.

Njia nyingine ilikuwepo. Injini za dizeli za Lister za kutoka Dursley, Uingereza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1929, ziliweza kupozwa kwa tangi la maji lililosimama kando. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda juu ya tangi. Ya baridi yanaingia chini ya injini. Hakuna pampu, hakuna feni, hakuna tundu la kuziba. Injini ya aina hiyo inaweza kukaa kwenye chumba kilichojaa unga mchana kutwa na isilalamike. Gharama yake ni ukubwa na uzito: tangi zima la maji kwa nguvu farasi sita. Ukitaka kitu kidogo chenye nguvu, unarudi kwenye matundu.

Kompyuta nazo zilipitia njia hiyo hiyo. ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilikula kilowati 150, karibu zote zikigeuka joto, hivyo ilihitaji mashine kubwa za kupuliza hewa. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya ICT 1500, ya kwanza nchini humo. Kompyuta kubwa za enzi hizo ziliishi kama wafalme: chumba chake, kiyoyozi chake, mlango unafungwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, IBM ilikuwa na System/360 Model 91 iliyopozwa kwa maji. Maji yalitoa joto nje ya chumba, hewa ya ndani ikachujwa, na vumbi likabaki mlangoni.

Hapo ndipo penye jambo langu. Chumba chenyewe kilikuwa kichujio. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mtumiaji habari za vumbi, kwa sababu mtumiaji hakuruhusiwa hata kuingia.

Kisha kompyuta ikatoka chumbani. Chipu ya Intel 386 ya mwaka 1985 haikuhitaji feni juu yake. Pentium ya mwaka 1993 ikaanza kudai kipande cha alumini, na mara nyingi feni. Kufika mwaka 2004 kuna Pentium 4 zilizokula zaidi ya wati 100 katika eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwaka huo huo Apple ikauza Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji. Mwaka 2009 Corsair ikatoa H50, seti iliyofungwa kiwandani, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifunga kwa bisibisi. Maji yakawa yametoka kwenye kile chumba cha wafalme, yamefika mezani kwangu. Chumba hakikuja nayo.

Na hewa ya mezani kwangu si ya Dar wala ya California. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unasukuma hewa kidogo zaidi. Usiku wa baridi kutoka Mlima Elgon unatusaidia, sikatai. Lakini mahindi yakishavunwa yanapigwa na kusagwa, na Januari na Februari mashamba yanalimwa makavu kusubiri mvua ya Machi. Chochote kinachopeperuka barabarani, feni inakivuta ndani.

Wapo waliolifikiria hili mapema. Kompyuta ndogo ya XO ya mradi wa One Laptop per Child, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, haikuwa na feni kabisa, na kibodi yake ilifunikwa kwa mpira. Lakini shule zetu nyingi zilianza na kompyuta za mezani zilizokwishatumika. Computers for Schools Kenya imekuwa ikizigawa tangu 2002. Hizo zina feni. Najiuliza ni ngapi zimeandikwa "mbovu" na kurundikwa stoo, kumbe zilizibwa pua tu.

Basi nilifanya hivi. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa kompyuta nje. Kwa macho rejeta ilionekana safi, na huo ndio uongo wake. Katika mashine yangu feni zimefungwa mbele ya rejeta zikisukuma hewa kuipitia, kwa hiyo vumbi hujikusanya kati ya feni na rejeta, mahali usipoona mpaka ufungue skrubu. Nilipoziondoa nilikuta blanketi. Kweli, blanketi la rangi ya udongo wetu, ningeweza kulibandua kwa vidole.

Nilitumia brashi laini ya rangi, nikipiga kwa kufuata mistari ya alumini, si kuikata, maana vile vibati vinapinda kama karatasi. Kisha nikapuliza kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa pili, ili vumbi lirudi lilikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi. Kompresa ya wajaza matairi niliikwepa: nguvu yake ni nyingi, na mara nyingi hutema maji na mafuta. Feni nazo nilizisafisha huku nimezishika kwa kidole. Ukiiacha feni izungushwe na upepo inaweza kuharibu beringi zake. Mipira na pampu sikuzigusa. Ni seti iliyofungwa, na maji yake hayakuwa na kosa lolote.

Saa moja na nusu kwa jumla. Shilingi sifuri. Kazi ile ile iliyokuwa ikiizima kompyuta ikafika nyuzi 74 na kutulia hapo. Wakulima walipata hesabu zao kwa wakati.

Nilirudi kwa mzee kumshukuru. Nilimkuta amezima injini, anafagia unga sakafuni. Akasema yeye hufanya hivyo kila jioni, na akashangaa kwamba mimi nimekaa na mashine yangu mwaka mzima bila kuifagia.

Sasa nimeweka alama mbili kwenye kalenda: Desemba mahindi yakishaingia ghalani, na mwisho wa Februari kabla ya mvua. Na wewe ukiona mashine yako inachemka, kabla ya kununua chochote, ishike kwanza rejeta.