Mizani nane kutoka Pate

Kiswahili tunachonunulia maharagwe sokoni Fataki kilifika Ituri karne ya 19, vinywani mwa Waungwana, watu wa misafara ya biashara. Wengi wetu tulikipokea kama lugha ya soko, jeshi na kanisa. Kumbe zaidi ya miaka 100 kabla ya misafara ile, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kusimulia vita vizima kwa lugha hiyo, tena kwa mashairi.

Mwaka 1728, kisiwani Pate, Bwana Mwengo bin Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, wenye beti zaidi ya 1,000. Chanzo chake ni msiba. Jaafar, binamu yake Mtume Muhammad, aliuawa Mu'ta mwaka 629, akipigana na jeshi la Rumi. Mwaka uliofuata jeshi la Waislamu lilikwenda hadi Tabuk (ndiyo Tambuka), likarudi bila kupigana. Lakini katika utenzi, safari hiyo inakuwa vita vikubwa dhidi ya Kaisari Herekali wa Rumi, na damu ya Jaafar inalipwa.

Waajemi nao walipita njia hiyo ya kusimulia vita kwa mashairi. Mshairi wao Firdausi alimaliza Shahnama, habari za wafalme wa kale, mwaka 1010. Karne ya 15, Ibn Husam, mkulima wa Khusf huko Khorasan, alichukua mtindo uleule wa ushairi akatunga Khavaran-nama, ambamo Ali, nduguye Jaafar, anapambana na wafalme, majoka na mazimwi. Ali huyohuyo ndiye shujaa wa Utenzi wa Rasi 'lGhuli, alioutunga Mgeni bin Faqihi kwa Kiswahili karne ya 19.

Mwajemi hupanga mizani (yaani silabi) 11 kila nusu ya mstari, nusu mbili zikifungwa kwa kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho. Mswahili hupanga vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao. Cha nne hurudia kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hata msikilizaji asiyejua kusoma hukingoja, na hicho ndicho kinachomsaidia kukumbuka.

Nasi tuna misiba ya kusimulia: Djugu yetu, huku Ituri, imezika watu wengi tangu vita vya 1999. Majina yao tunayataja usiku, kisha asubuhi tunakwenda shambani. Ibn Husam naye alikuwa mtu wa shamba. Lugha tunayo, na mizani nane zinahesabika kwa vidole. Tuwatungie marehemu wetu, ili wajukuu wawajue kwa majina.