Wadachi Katika Nchi ya Uha

Wazee wetu hawakusema Wajerumani. Walisema Wadachi, nalo ni jina lililotoka katika lile walilojiita wageni wenyewe kwa lugha yao, Deutsche. Jina la siku hizi limetoka vinywani mwa mataifa mengine. Katika kitabu hiki cha jubilei tumeona vema kuandika habari zao, kwa kuwa watu wa Munanila na wa nchi yote ya juu ya Kigoma waliwekwa chini ya bendera yao, nao watoto wa shule hutuuliza: Watu wale walikuwa watu wa namna gani?

Wengi hudhani ya kuwa Udachi ulikuwa taifa moja tangu zamani za kale. Sivyo. Mpaka mwaka 1871 ilikuwa nchi ya wafalme na watawala wengi, Prussia, Bavaria, Saxony na wengineo, kama vile Heru, Muhambwe na Buyungu zilivyokuwa kila moja na Mwami wake. Mtu wa Bavaria akisema lugha ya nyumbani kwake, mtu wa pwani ya kaskazini hamwelewi vema. Waliunganishwa na kitabu kabla ya kuunganishwa na upanga: Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kidachi mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534, na Kidachi kilichoandikwa kikawa pole pole lugha ya shule na ya hukumu. Hata katika dini walikuwa wamegawanyika, Wakatoliki na Waprotestanti.

Basi walipoanza kutwaa Afrika ya Mashariki mwaka 1885, umoja wao ulikuwa na umri wa miaka 14 tu. Twadhani ndiyo sababu walitia bidii nyingi katika bendera, na gwaride, na sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm wa Pili, tarehe 27 Januari, iliyofanywa katika boma zao kila mwaka. Mwenye nyumba mpya hupenda kuwaonyesha watu mlango.

Wazee waliwasifu kwa mambo mawili, kushika saa na ufundi wa mikono. Kwa ufundi, ushahidi upo ziwani. Reli ya kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi, ilifika Kigoma mwaka 1914, na tuta lake lilichimbwa kwa mikono ya Waafrika. Kwa njia hiyo ililetwa meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapata 5,000. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili, pamoja na vibarua wa hapa, waliiunga tena Kigoma, ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wadachi wakikimbia waliamriwa kuizamisha. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena, jina lake Liemba.

Lakini sifa hizo zina upande wa pili, wala haifai walimu waunyamazie. Tangu mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, ikalipwa kwa rupia, na asiye na rupia alitafuta kazi ya Mzungu apende asipende. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa kuwa hela mia. Fedha ile imekwisha zamani, jina lake hata leo li mfukoni mwetu, kama vile neno shule lilivyobaki darasani. Na adhabu ilikuwa kiboko, hamsa ishirini, ndiyo fimbo 25 zilizoruhusiwa na sheria yao kwa mara moja. Utaratibu wao ulikuwa hivi, kwamba hesabu ya waliochapwa iliandikwa katika taarifa za kila mwaka. Kusini, katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, waliteketeza mashamba na ghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Asemaye kwamba Mdachi alikuwa mkali lakini wa haki, na aulize kwanza haki hiyo ilimfikia nani.

Jambo moja walilolifanya limetufaa, ijapokuwa hawakulifanya kwa ajili yetu. Walitumia Kiswahili katika boma na shule zao, maana kilikuwa tayari, na baadhi yao hawakutaka mwenyeji ajue Kidachi na kusoma siri zao. Hivyo Muha na Mchaga waliandikiana barua kabla ya kuonana.

Katika siku zao Uha na Urundi zilikuwa sehemu za koloni moja. Wamisionari wa Neukirchen, Wadachi, walipoanza kazi Urundi mwaka 1911, hapakuwa na mpaka wa mataifa kati yao na sisi. Vita ikawaondoa mwaka 1916, Wabelgiji wakaingia Kigoma, wakakaa mpaka mwaka 1921, ndipo Waingereza wakapokea. Mpaka wenyewe walikuwa wamekwisha kupatana mwaka 1919, Waingereza na Wabelgiji. Mdachi hakuwapo, wala Muha, wala Mrundi. Munanila, iliyokuwa ya Kasulu na tangu mwaka 2012 ni ya wilaya ya Buhigwe, ikawa ukingoni mwa nchi. Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani, na jamaa wa ukoo mmoja wako ng'ambo mbili za mstari ule.