Dhahabu Isiyo na Soko: Tamaa, Jangwa na Hazina Iliyopotea katika McTeague na Greed

1. Utangulizi

Kila tunapokutana na hadithi ya watu waliouana kwa ajili ya mali, hatukawii kutoa hukumu: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwanafunzi anaandika kwamba dhamira kuu ni tamaa, anaongeza mfano mmoja au miwili, anapata alama zake na mchezo umekwisha. Makala haya yanakataa kuishia hapo. Nitaichukua riwaya ya Mmarekani Frank Norris iitwayo McTeague, iliyotoka mwaka 1899, pamoja na filamu isiyo na sauti iliyotokana nayo, yaani Greed ya Erich von Stroheim, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1924. Zote mbili ni visa vya uhalifu, na zote mbili zinamalizikia jangwani, wanaume wawili wakigombea mfuko wa dhahabu.

Hoja yangu ni hii. Jangwa katika hadithi hizi si hakimu, wala si mnyongaji aliyetumwa kuwaadhibu wenye tamaa. Kila kosa limekwisha kutendeka mjini kabla mtu hajakanyaga mchanga. Kinachofanywa na jangwa ni kuondoa soko. Na dhahabu ikishakosa soko inabaki kuwa chuma kizito tu begani mwa mtu mwenye kiu.

2. Bonde lenyewe

Tuanze na mahali, maana katika fasihi ya aina hii mandhari si pambo. Jangwa linalohusika ni Bonde la Mauti, Death Valley, mashariki mwa jimbo la California. Sehemu yake ya chini kabisa iko kiasi cha meta 86 chini ya usawa wa bahari, na tarehe 10 Julai 1913 palipimwa joto la sentigredi 56.7.

Jina hilo lilitokana na dhahabu. Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California, na mwaka uliofuata maelfu ya watu wakamiminika huko. Mwishoni mwa mwaka 1849 kundi moja la wasafiri hao, waliokuwa wakitafuta njia ya mkato, lilinasa bondeni. Ng'ombe wa kuvuta magari walidhoofu wakachinjwa, na familia nyingine zilikaa zikisubiri hadi vijana wawili walipotembea kwa miguu kwenda kutafuta msaada na kurudi nao. Walipotoka ndipo bonde likapewa jina lake.

Sasa sikiliza kichekesho cha historia. Inasimuliwa kwamba katika shida ile mmoja wao aliokota jiwe lenye fedha nyingi, na baadaye fundi akalitumia kumtengenezea shabaha ya bunduki. Habari ikaenea. Watu wakarudi kwenye bonde lilelile lililotaka kuwaua, wakautafuta mgodi huo uliopotea kwa miaka na miaka, wasiuone. Wakati huohuo mali iliyokuwapo wazi juu ya ardhi ilikuwa boraksi, chumvi nyeupe ambayo kwa macho unaweza kuidhania magadi. Kati ya mwaka 1883 na 1889 ilisombwa kwa magari yaliyovutwa na misururu mirefu ya nyumbu wa kufugwa, ikapelekwa kwenye reli. Ndiyo kusema, bondeni palikuwa na hazina mbili: moja ya kusimuliwa na nyingine ya kuuzwa. Iliyotajirisha watu ni ile iliyokuwa na njia ya kufika sokoni. Tulikumbuke jambo hili.

3. Kisa na tamaa yake

McTeague ni daktari wa meno katika mtaa wa Polk, San Francisco. Hana cheti, kazi aliifunza kwa daktari wa kutembeatembea aliyepita kwenye machimbo alikokulia. Ni mtu mkubwa wa mwili na mzito wa akili. Anatamani nini? Bia yake ya Jumapili, ndege wake wa kanari, na jino kubwa lililopakwa rangi ya dhahabu la kutundika nje kama tangazo. Basi. Ukimpima kwa methali yetu, huyu bwana hana tamaa ya kumtosha hata kuandikiwa hadithi.

Anamwoa Trina. Kabla ya ndoa Trina anashinda dola 5,000 katika bahati nasibu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Marcus, rafiki wa McTeague aliyekuwa akimchumbia Trina na kumwachia mwenzake kwa hiari, sasa anahesabu kwamba ameachia dola 5,000. Kumbe urafiki ulikuwa na bei! Trina anaziweka fedha hizo katika biashara ya mjomba wake, zinamzalia dola 25 kila mwezi, na yeye anaanza kubana matumizi mpaka ubanaji wenyewe unakuwa ugonjwa. Marcus anamchongea rafiki yake serikalini kwamba anatibu bila cheti, na McTeague anafungiwa kazi. Umaskini unaingia nyumbani huku dola 5,000 zikiwa salama. Trina anafikia hatua ya kuzichukua zote kwa sarafu za dhahabu ili alale juu yake. Mwishowe mume anamuua katika shule ya chekechea ambako alikuwa akisugua sakafu, anachukua mfuko na kukimbia. Norris hakulibuni tukio hili kutoka hewani: mwaka 1893 San Francisco ilikuwa imeshuhudia mauaji ya mwanamke aliyekuwa msafishaji wa shule ya chekechea, aliyeuawa na mumewe aliyemdai fedha.

Ni nani mwenye tamaa hapa? Utaona kwamba tamaa haikuwamo ndani ya watu hawa tangu mwanzo ikisubiri kutoka. Imeingia pamoja na fedha, na imeingia kwa kila mmoja kupitia kazi yake, hofu yake na deni analodhani anadai. Trina hataki kitu chochote cha kununuliwa. Anataka fedha zisipungue. Hiyo ni tamaa ya aina mpya kabisa, tofauti na ya fisi wa ngano zetu aliyefuata harufu ya nyama njia mbili kwa mpigo hadi akapasuka. Fisi alitaka kula. Trina anajinyima kula.

4. Hazina ya Maria

Katika riwaya kuna kisa cha pembeni ambacho kwa maoni yangu ndicho ufunguo. Maria, mfanyakazi wa usafi katika jengo wanamokaa, ana hadithi anayoirudia: eti nyumbani kwao zamani kulikuwa na vyombo vya mezani vya dhahabu tupu, zaidi ya mia moja. Zerkow, mnunuzi wa vyuma chakavu, haishiwi hamu ya kuisikia. Anamwoa Maria ili aisikie kila siku. Maria anapougua na kuisahau hadithi yake, Zerkow anaamini kwamba anamficha vyombo. Anamchinja. Yeye mwenyewe anaopolewa baharini akiwa amekufa, na pamoja naye kifurushi cha makopo na vyombo vya bati vilivyoingia kutu.

Hakuna hata sahani moja ya dhahabu iliyowahi kuonekana. Watu wawili wamekufa kwa ajili ya masimulizi! Sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kushtuka, maana Maria ni fanani na Zerkow ni hadhira, na hadhira imemuua fanani kwa kudhani kwamba nyuma ya hadithi kuna mali ya kubeba. Ule mgodi wa fedha uliopotea bondeni nao ulikuwa vivyo hivyo, hadithi iliyowavuta watu mahali pasipo maji.

5. Jangwani

McTeague anakimbilia kwanza kwenye machimbo alikokulia, kisha milima ya Panamint karibu na Bonde la Mauti. Huko, pamoja na mwenzake aliyekutana naye njiani, anagundua mshipa wa dhahabu ya kweli ndani ya mwamba. Hapa ndipo nadharia ya "tamaa" inapogonga ukuta. Angekuwa mtumwa wa dhahabu tu, angebaki. Lakini anahisi anafuatwa, na usiku anaiacha dhahabu ya mwambani na kuondoka na ile ya mfukoni. Kwa nini? Kwa sababu ya mwambani inadai sheria, hati, jina halali na mnunuzi, na muuaji hana hata kimoja. Dhahabu bila jamii haina thamani, hata ikiwa nyingi kiasi gani.

Marcus, aliyejiunga na msako, anamkuta katikati ya bonde. Nyumbu anayebeba fedha na maji anakurupuka, anapigwa risasi, na maji yote yanamwagika. Wote wawili wanajua kwamba wamekwisha. Hata hivyo wanakumbuka dola 5,000, na wanapigana. McTeague anamuua Marcus, kisha anagundua kwamba Marcus, kabla ya kukata roho, amewafunga pamoja kwa pingu. Anabaki ameketi, kafungwa kwa maiti, na kanari wake anayekaribia kufa katika kizimba chenye rangi ya dhahabu.

Tazama hesabu ilivyo. Mjini, dola 5,000 zingenunua maji ya kuoga maisha yote. Bondeni hazinunui tone. Wanaume hawa wanapigana kana kwamba bado wamesimama mtaa wa Polk, kwa sababu soko wamekuja nalo kichwani. Jangwa halikuwatia wazimu. Liliuweka wazimu waliotoka nao mjini mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona.

6. Pingamizi

Yupo atakayesema kwamba ninamsomea Norris mambo asiyoyaandika. Ni kweli kwamba Norris, mfuasi wa Émile Zola na tapo la unaturalisti, anatoa maelezo mengine kabisa: damu. McTeague ameurithi ukatili kwa baba mlevi, Trina ubahili kwa mababu zake wakulima wa Uswisi. Zerkow je? Kwa sababu ni Myahudi, anachorwa kama kiumbe wa tamaa kwa asili. Hili la mwisho ni ubaguzi wa rangi, na tusilifunike kwa kisingizio cha wakati wake. Lakini msuko wa riwaya unampinga mwandishi wake. Kama ni damu, mbona damu ilikaa kimya mpaka bahati nasibu ilipoanguka? Mhakiki ana haki ya kuamini kinachotendeka katika hadithi kuliko anachokitangaza msimulizi.

7. Filamu iliyogeuka hazina

Von Stroheim alitaka kuihamisha riwaya nzima. Kiangazi cha mwaka 1923 aliwapeleka waigizaji wake Bonde la Mauti kwenyewe, na Jean Hersholt, aliyeigiza Marcus, akaugua na kulazwa. Vitu vya dhahabu, kama sarafu na lile jino, vilitiwa rangi ya manjano kwa mkono ndani ya picha zisizo na rangi. Toleo la kwanza lilikuwa la reli 42, saa nane au zaidi. Wakati huo kampuni iliyomwajiri iliunganishwa na nyingine kuwa MGM, na wakubwa wapya wakaikata hadi reli kumi hivi. Kilichokatwa kimepotea. Filamu za enzi ile zilikuwa na madini ya fedha ndani yake, na studio zilikuwa na desturi ya kuziyeyusha ili kuyapata.

Na miongoni mwa vilivyokatwa ni kisa chote cha Maria na Zerkow. Hadithi ya hazina iliyopotea ndiyo iliyopotea! Mwaka 1999 lilitengenezwa toleo la karibu saa nne, likiziba mapengo kwa picha mnato zilizobaki. Filamu iliyoishutumu fedha ilipimwa kwa fedha ikakutwa ndefu mno kuuzika.

8. Hitimisho

Hapa petu mjadala wa riwaya pendwa na riwaya dhati ni wa siku nyingi, na visa vya uhalifu, kuanzia vya Muhammed Said Abdulla hadi vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa, vimeitwa mara nyingi burudani ya kupitishia muda. McTeague inatukumbusha kwamba uhalifu ni mlango mzuri wa kuingilia katika historia ya uchumi wa jamii, mradi tusiridhike na kumjua muuaji. Muuaji tunamjua mapema kabisa. Swali linalobaki ni namna sarafu zilivyofika mikononi mwa watu waliokuwa wakiishi vizuri bila hizo, na kwa nini hawakuweza tena kuziachia.

Methali yetu sioni haja ya kuitupa. Nasema tu kwamba isitumike kufunga mjadala. Anayesema tamaa mbele, mauti nyuma, aulizwe: tamaa ya nani, ilitoka wapi, na nani anafaidika tunapowalaumu maiti wawili waliofungwa pingu bila kuuliza habari za mji walikotoka?