Mwungwana wa Uvira: Sifa au Shutuma?

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza jinsi neno mwungwana lilivyobadilika lilipotoka pwani na kufika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na kwa nini waliojiita hivyo walichukiwa.

Pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye nasaba inayojulikana mjini. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, biashara ya pembe na watumwa ilikuwa imekwisha kuufikia ufuko huo. Misafara ilihitaji wapagazi, askari na wakalimani, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani. Huku bara, mbali na wale waliozijua asili zao, watu hao walijiita waungwana. Alama za uungwana zikawa kanzu, kofia na Kiswahili. Mara nyingi pia Uislamu na bunduki. Vijana wa bara, wakiwamo waliotekwa wangali watoto, waliingia katika kundi hilo kwa njia hiyo hiyo.

Chuki iliyozuka ilikuwa ya namna mbili. Machoni pa watu wa pwani wenye nasaba, mtumwa aliyevaa kanzu alijitwalia heshima asiyoirithi. Kwa wanavijiji, neno hilo lilikuwa na pacha wake: mshenzi. Aliyejitangaza mwungwana mbele ya Mvira, Mfuliru au Mbembe alikuwa amekwisha kumhukumu mwenzake. Wala haikuwa dharau tupu. Katika miaka ya 1880, Rumaliza alipotandaza nguvu zake kutoka Ujiji kuelekea kaskazini, wavaa kanzu ndio waliokuja na bunduki. Si haki, basi, kuiita chuki hiyo wivu tu.

Baada ya vita vya 1892–1894, Wabelgiji waliwaita watu hawa arabisés, yaani walioarabishwa, kana kwamba walikuwa waigaji tu. Lugha yao ikaitwa Kingwana, jina alilolitumia John Whitehead katika kitabu chake cha mwaka 1928. Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika Kirundi, umuswahili likapata pia maana ya mjanja asiyeaminika.

Mkondo huu si wa ziwani peke yake. Huko Marekani, hipster lilikuwa katika miaka ya 1940 jina la wafuasi wa muziki wa jazz. Baadaye likawa kejeli ambayo ni wachache wanaokubali kuitwa. Tofauti ni kwamba Uvira nyuma ya vazi palikuwa na suala la utumwa na uhuru.

Ni dhahiri kwamba mwungwana halikutaja kabila wala dini. Lilitaja safari ya mtu kutoka hali moja hadi nyingine, na waliolichukia ni wale walioamini kwamba msafiri hakustahili kufika, pamoja na wale aliowakanyaga njiani. Kwa hiyo mtafiti anayelikuta neno hili katika masimulizi hana budi kuuliza kwanza: nani analisema, na anamwambia nani?